Pumzi Yako Ukiwa Usingizini: Kuvijua Vifaa vya Njia ya Hewa

Mtu mzima anayekwenda kupasuliwa huuliza mambo mengi: nani atamfanyia upasuaji, kovu litakuwa la ukubwa gani, atalazwa siku ngapi, na bima italipia kiasi gani. Ni wachache mno wanaouliza watapumua kwa njia gani wakati wote huo. Ilhali hilo ndilo jambo linaloishughulisha akili ya mtaalamu wa usingizi kuliko mengine yote, tangu anapomwona mgonjwa kwa mara ya kwanza hadi anapomkabidhi kwa wauguzi wa chumba cha uangalizi.

Makala haya yanawahusu watu wazima watakaopewa nusukaputi, yaani usingizi kamili wa dawa. Hayahusu ganzi ya mgongoni, ambayo humwacha mgonjwa akiwa macho na akipumua mwenyewe, wala hayawahusu watoto, ambao maumbile ya koo lao ni tofauti na yanataka maelezo yake. Lengo si kumfanya msomaji ajichagulie kifaa kama anavyochagua simu dukani. Lengo ni kumwezesha aelewe anachoelezwa, aulize anapopaswa kuuliza, na zaidi ya yote aseme kweli pale anapoulizwa. Kwa kuwa uchaguzi wa kifaa hutegemea sana habari ambazo mgonjwa peke yake ndiye anayezijua.

Kwa nini kifaa kinahitajika

Usingizi wa dawa si usingizi wa usiku. Mtu aliyelala nyumbani kwake, ulimi ukimrudi nyuma na kumziba koo, hukoroma, hugutuka, hugeukia ubavu. Mate yakimwendea kombo hukohoa. Mwili humlinda bila yeye kujua. Nusukaputi huuondoa ulinzi huo. Misuli ya koo hulegea, ulimi huanguka nyuma, uwezo wa kukohoa na kumeza hutoweka. Na pale inapotumika dawa ya kulegeza misuli, kama inavyohitajika katika upasuaji mwingi wa tumbo, mgonjwa huacha kupumua kabisa na mashine ndiyo inayompumulia.

Tatizo la pili linatokana na jinsi tulivyoumbwa. Njia ya hewa na njia ya chakula huanzia mahali pamoja, nyuma ya ulimi. Mbele ipo zoloto, kile kisanduku cha sauti ambacho kwa nje huonekana kama kikoromeo, na chini yake koo la hewa, au trakea, liendalo mapafuni. Nyuma yake upo umio, uendao tumboni. Mtu akiwa macho, vya njia moja haviingii njia ya pili ila kwa nadra, na anayepaliwa hujua mara moja. Mtu aliyetiwa nusukaputi hana habari ya kupaliwa. Chakula au tindikali ya tumbo ikipanda kwenye umio inaweza kuteremka mapafuni kimyakimya, na madhara yake yakaonekana baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo kila kifaa kitakachotajwa hapa hupimwa kwa maswali mawili. Je, kinaifungua njia ya hewa? Na je, kinayazuia ya tumboni yasiingie mapafuni? Swali la kwanza vyote hulijibu vizuri kwa mgonjwa wa kawaida. Tofauti kubwa ipo katika la pili.

Maski ya uso

Hiki ndicho kifaa ambacho mgonjwa hukiona kwa macho yake, kwa kuwa huwekewa kabla hajalala. Hufunika pua na kinywa, na kwa muda wa dakika tatu hivi mgonjwa huombwa avute pumzi ndefu za oksijeni. Wapo wanaodhani wanazibwa pumzi, wakaisukuma kwa mkono. Kinachofanyika ni kinyume cha hilo: mapafu yanawekewa akiba. Mtu mwenye afya ambaye alikuwa akivuta hewa ya kawaida, akiacha kupumua, oksijeni ya mwili wake huanza kushuka mapema, pengine baada ya dakika moja hivi. Aliyevuta oksijeni kamili kwanza huwa na nafasi ya dakika kadhaa, nazo ndizo mtaalamu anazozihitaji ili aweke kifaa kinachofuata bila papara.

Kwa upasuaji mfupi sana, maski ya uso yaweza kutosha yenyewe, pengine ikisaidiwa na kipande cha plastiki kilichopinda kinachouzuia ulimi usirudi nyuma. Umbo linalotumika hadi leo lilibuniwa na daktari Arthur Guedel wa Marekani mwaka 1933. Kasoro za maski ya uso ni tatu. Humfunga mtaalamu mikono muda wote, huvuja kwa mwenye ndevu nyingi au asiye na meno, na haitoi kinga yoyote dhidi ya yanayopanda kutoka tumboni.

Maski ya koo

Hadi miaka ya 1980 mtaalamu wa usingizi alikuwa na njia mbili tu: ama aishike maski ya uso kwa mikono yake mpaka upasuaji uishe, ama apitishe mrija hadi ndani ya koo la hewa. Mwaka 1981 daktari Archie Brain, akifanya kazi katika The London Hospital mjini London, alichukua maski ndogo ya pua iliyokuwa ikitumiwa na waganga wa meno, akaiunganisha na mrija, na kuanza kuichunguza namna ingeweza kukaa ndani ya koo badala ya kukaa usoni. Aliuchapisha ugunduzi huo mwaka 1983, na mwaka 1988 kifaa kikaanza kuuzwa Uingereza. Hicho ndicho ambacho wahudumu wengi huku kwetu hukiita kwa herufi zake tatu, LMA, na ambacho katika makala haya tutakiita maski ya koo.

Umbo lake ni mrija mpana wenye kijisahani laini mwishoni, mfano wa yai lililokatwa kwa urefu. Hupitishwa kinywani mgonjwa akiwa ameshalala, kikateleza juu ya ulimi, kikakaa kuuelekea mlango wa zoloto kama kifuniko juu ya sufuria. Kingo zake hujazwa upepo kidogo ili zibane. Hakivuki nyuzi za sauti, na kwa kawaida hakihitaji chombo cha kuangalizia wala dawa ya kulegeza misuli. Saizi zake hufuata uzito wa mwili: namba 3 kwa mtu wa kilo 30 hadi 50, namba 4 kwa wa kilo 50 hadi 70, na namba 5 kwa wa kilo 70 hadi 100. Mgonjwa anayepimwa uzito kabla ya upasuaji hapimwi kwa ajili ya dozi za dawa peke yake.

Maski za koo za mwanzo zilikuwa na njia moja tu, ya hewa. Zilizofuata, kuanzia ProSeal ya mwaka 2000, ziliongezewa mfereji wa pili unaokwenda hadi kwenye mdomo wa umio, ili gesi na majimaji yakipanda yapate pa kutokea na yasizunguke kwenye zoloto. Nyingine, kama i-gel iliyotolewa mwaka 2007, hazijazwi upepo kabisa. Kingo zake ni za jeli laini inayojishika na umbo la koo. Wataalamu huziita kizazi cha pili. Zinapopatikana, zina faida ya wazi juu ya zile za mwanzo, lakini hakuna hata moja inayoyaziba mapafu kama mrija unavyoyaziba.

Mrija wa koo la hewa

Wauguzi wengi huuita mpira tu. Ni mrija wa plastiki, kwa mwanamume mzima wenye upana wa ndani wa milimita 7.5 au 8 na kwa mwanamke 7 au 7.5, unaopitishwa kati ya nyuzi za sauti hadi ndani ya trakea. Karibu na ncha yake kipo kipuli kidogo kinachojazwa upepo baada ya mrija kufika mahali pake. Kipuli hicho ndicho kinachoutofautisha na vifaa vingine vyote: huziba nafasi iliyobaki kati ya mrija na ukuta wa trakea, hewa ya mashine ikaenda mapafuni bila kuvuja na ya tumboni yakabaki nje.

Mbinu hiyo ilikomazwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza na Ivan Magill na mwenzake Stanley Rowbotham nchini Uingereza, walipolazimika kuwatia usingizi askari waliovunjwavunjwa nyuso, ambao juu yao maski ya uso haikuwa na pa kushika. Ili kuuona mlango wa zoloto, mtaalamu hutumia laringoskopu, chombo cha chuma chenye taa kinachounyanyua ulimi. Ile yenye ulimi uliopinda, inayotumika karibu kila hospitali duniani, ilibuniwa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Siku hizi zipo pia laringoskopu za video, zenye kamera karibu na ncha, zinazoonyesha koo kwenye kioo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyojumlisha tafiti 222 zenye washiriki zaidi ya 26,000, yalionyesha kwamba kwa watu wazima laringoskopu za video huelekea kupunguza idadi ya majaribio yanayoshindikana na kuongeza uwezekano wa mrija kuingia kwa jaribio la kwanza. Hospitali iliyo nayo ina jambo la kujivunia. Isiyo nayo si lazima iwe hatari, maana mkono wenye uzoefu bado una thamani kubwa.

Hatari mahususi ya mrija ni kwamba unaweza kuingia kwenye umio badala ya trakea, na kwa kuwa mgonjwa hapumui mwenyewe, dakika chache za kutotambua kosa hilo zinatosha kuuharibu ubongo. Kwa macho kosa hilo laweza kufichika. Kifua huweza kuonekana kikipanda na kushuka, ukungu ukaonekana ndani ya mrija, hata sauti ya hewa ikasikika kwa kifaa cha kusikilizia, kumbe mrija uko tumboni. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 unataka kutegemewa kipimo cha hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ambayo hutoka mapafuni kwa kila pumzi na haitoki tumboni kwa mfululizo. Kipimo kinachoonyesha mawimbi ya hewa hiyo kwenye kioo, kapnografu, ndicho shahidi wa kuaminika. Oksimita inayobanwa kidoleni ni ya lazima pia, lakini huchelewa: oksijeni ya damu hushuka baada ya kosa kuwa limekwisha tendeka.

Basi kipi ni bora?

Swali hilo halina jibu moja. Hesabu iliyofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, inayojulikana kwa kifupi kama NAP4, ilikadiria kwamba watu milioni 2.9 hivi hutiwa nusukaputi nchini humo kwa mwaka. Kati ya kila 100, wapatao 56 waliwekewa maski ya koo au kifaa cha jamii yake, 38 waliwekewa mrija, na 5 walipewa maski ya uso peke yake. Kwa hiyo hakuna kifaa hapa ambacho ni cha mgonjwa duni, wala kilicho cha mgonjwa mwenye pesa.

Mrija hulinda zaidi, lakini mwili huulipia gharama. Maelezo ambayo Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza huwapa wagonjwa yanakadiria kwamba koo huwauma watu 2 kati ya 5 baada ya mrija, na 1 kati ya 5 baada ya maski ya koo. Sauti kukwaruza hutokea zaidi kwa mrija. Meno ya mbele ya juu huweza kugongwa na laringoskopu. Jino kuharibika kiasi cha kuhitaji kutengenezwa au kung'olewa hukadiriwa kutokea mara moja katika kila nusukaputi 4,500. Aidha, mtu aliye na pumu au anayevuta sigara huweza kubanwa kifua mrija unapoigusa trakea. Kama upasuaji ni mfupi, mgonjwa amefunga ipasavyo, hana kiungulia wala unene uliokithiri, na tumbo lake halitafunguliwa, kumwekea mrija ni kumtwika mzigo asiouhitaji. Kwa mwanamke anayeondolewa uvimbe mdogo wa titi, kwa mfano, maski ya koo kwa kawaida inatosha kabisa.

Mgeuze mgonjwa huyo sasa. Ana utumbo ulioziba na amekuwa akitapika siku mbili. Hapa hakuna mjadala: ni mrija. Hali kadhalika mjamzito wa miezi ya mwisho ambaye inabidi apewe nusukaputi kamili, majeruhi wa ajali aliyekula muda mfupi kabla, na mtu atakayelazwa kifudifudi kwa saa nyingi. Katika upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo wataalamu wengi huchagua mrija, ingawa baadhi hutumia maski za koo za kizazi cha pili kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu. Hapo msomaji asishangae kusikia madaktari wawili wazuri wakitofautiana.

Ripoti ile ya Uingereza ilihesabu matukio makubwa 133 ya njia ya hewa wakati wa nusukaputi kwa mwaka mmoja, sawa na tukio 1 kwa kila watu 22,000 hivi, na vifo 16. Takwimu hizo ni za nchi yenye vifaa vingi na hazifai kuhamishiwa kwetu kama zilivyo, ambako mara nyingi muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi huwahudumia watu wengi bila daktari bingwa karibu. Lakini kiini chake kinahusu kila mahali. Sababu iliyoongoza katika vifo hivyo ilikuwa yaliyomo tumboni kuingia mapafuni, na miongoni mwa matukio ya namna hiyo walikuwapo wagonjwa waliowekewa maski ya koo ilhali hali yao ilidai mrija.

Tumbo tupu, na ukweli wake

Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha habari za wanawake 66 ambao, wakiwa wametiwa usingizi wakati wa kujifungua, yaliyomo tumboni mwao yaliingia mapafuni. Wawili walikufa, wote kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Tangu hapo kufunga kabla ya upasuaji kumekuwa kanuni, na kanuni ya kawaida kwa mtu mzima asiye na tatizo la tumbo ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila kinywaji chepesi. Mlo wa mafuta mengi, kama pilau au chipsi, hutaka muda mrefu zaidi.

Tatizo ni neno chakula. Watu wengi hawaihesabu chai kuwa chakula. Sikiliza mazungumzo ambayo hutokea asubuhi nyingi katika wodi zetu:

"Mama, tangu jana usiku umekula kitu chochote?"

"Hapana, mwanangu. Nimefunga kama mlivyoniagiza."

"Na kunywa je?"

"Chai tu, kidogo, ya kumezea dawa ya presha."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa, baba. Mimi ya rangi siiwezi."

Chai ya rangi isiyo na maziwa huhesabiwa pamoja na maji: saa 2. Chai ya maziwa huhesabiwa pamoja na chakula: saa 6. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi kiasi gani. Juisi ya embe au parachichi si kinywaji chepesi, kwa kuwa ina nyama ya tunda. Mama huyu hakusema uongo. Aliulizwa vizuri, naye akajibu vizuri, na upasuaji wake utasogezwa mbele kwa saa chache. Hatari ni kwa yule asiyeulizwa swali la tatu, na zaidi kwa yule anayeficha kwa kuogopa kuahirishiwa tena baada ya kusubiri miezi mitatu. Tunaielewa hofu hiyo. Kuahirishwa ni hasara ya nauli, ya siku ya kazi, ya ndugu aliyetoka kijijini kuja kuuguza. Lakini mtaalamu aliyedanganywa anaweza kumchagulia mtu mwenye tumbo lililojaa kifaa cha mtu mwenye tumbo tupu, na hakuna ustadi utakaofidia hilo.

Kwa upande mwingine, kufunga kupita kiasi si ushujaa. Mgonjwa aliyekaa saa 14 bila hata maji kwa kuwa orodha ya chumba cha upasuaji imejaa ana haki ya kuuliza kama bado anaruhusiwa kunywa maji.

Mambo ambayo mtaalamu anapaswa kuyasikia kutoka kwako

Atakuomba ufungue kinywa, utoe ulimi, na uinamishe kichwa nyuma. Haangalii usafi wa meno. Anakadiria jinsi koo litakavyoonekana na jinsi shingo itakavyokunjuka. Wakati huo mwonyeshe jino linalolegea, meno ya bandia, au jino lililowekewa kofia. Mwambie kama unakoroma sana na huambiwa na mwenzi wako kwamba hukatika pumzi usingizini. Mwambie kama una rovu, kama shingo yako ilipata kuungua au kupigwa mionzi, kama taya haifunguki sawasawa, kama una kiungulia cha mara kwa mara, kisukari cha miaka mingi, au mimba. Mafua na kikohozi cha wiki hiyo ni habari muhimu. Vivyo hivyo sigara na miraa. Dawa mpya za sindano za kisukari na kupunguza uzito, kama Ozempic, huchelewesha tumbo kumaliza chakula hata kwa mtu aliyefunga saa zote zinazotakiwa. Asiyezitaja humnyima mtaalamu onyo asiloweza kulipata kwa njia nyingine. Na bibi harusi wa juzi aliyepakwa hina nyeusi vidoleni aseme mapema, kwa sababu oksimita huweza kushindwa kusoma kwenye kidole hicho, na itafutwe sehemu nyingine, kama ndewe ya sikio.

La uzito kuliko yote ni historia. Kama wewe uliwahi kuambiwa baada ya upasuaji kwamba mpira uliingia kwa shida, liseme hilo kabla ya jina lako.

Nawe una haki ya kuuliza. Nani atakayenitia usingizi, na ana mafunzo gani? Amekusudia kutumia kifaa gani, na kwa nini? Chumba kina oksimita, na kipimo cha hewa ukaa kipo? Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 yenyewe inaitaka timu ijiulize, kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kama njia yake ya hewa ni ngumu au yuko katika hatari ya ya tumboni kuingia mapafuni, na kama oksimita imewekwa na inafanya kazi. Kwa hiyo mgonjwa anayeuliza haingilii kazi ya mtu. Uamuzi wa mwisho wa kifaa ni wa mtaalamu, naye anaweza kuubadilisha katikati, kwa mfano maski ya koo isipokaa vizuri. Ikitokea hivyo, una haki ya kuelezwa baadaye.

Ukitakiwa kununua kifaa mwenyewe

Pengine ndugu wa mgonjwa hupewa karatasi wakaelekezwa duka la dawa. Usinunue kwa kubahatisha. Karatasi iandikwe aina na saizi, nawe upewe risiti. Angalia kwamba pakiti haijafunguliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Tafuta pia alama ya namba 2 ndani ya duara, imekatwa kwa mstari: maana yake kifaa ni cha kutumika mara moja tu, kisha kitupwe. Mirija ya kawaida ya plastiki na maski nyingi za koo za bei nafuu zina alama hiyo, na kuzisafisha ili zitumike kwa mtu mwingine si halali ya mtengenezaji wake. Zipo maski za koo za silikoni zilizotengenezwa kutumika tena baada ya kusafishwa kwa mvuke wa joto kali, nazo mtengenezaji wa ile ya asili ameziwekea kikomo cha mara 40. Hospitali inayozitumia inapaswa kuwa na kumbukumbu ya hesabu hiyo. Ukitozwa bei ya kifaa kipya, ni haki yako kupewa kipya.

Baada ya kuamka

Mgonjwa wa mrija mara nyingi huamriwa afumbue macho na kufungua kinywa kabla mrija haujatolewa, na wengine hukumbuka kwa mbali hisia ya kitu kooni. Hiyo ni kawaida. Saa ya kuamka haina budi kuangaliwa kwa makini: katika ile hesabu ya Uingereza, karibu theluthi ya matukio yalitokea wakati wa kuamka au katika chumba cha uangalizi. Mgonjwa asiachwe peke yake huko, wala asirudishwe wodini kabla hajaweza kujibu anapoitwa.

Koo kuuma na sauti kukwaruza huisha kwa siku chache. Maji, vinywaji vya uvuguvugu na dawa ya kawaida ya maumivu vinatosha. Rudi hospitali bila kusubiri miadi ukipata shida ya kupumua, homa yenye kikohozi na maumivu ya kifua, uvimbe wa shingo, au maumivu makali ya kumeza. Sauti ambayo haijarudi baada ya wiki mbili ichunguzwe.

Kama ulielezwa kwamba njia yako ya hewa ilikuwa ngumu, usiondoke na maneno matupu. Omba iandikwe kwenye daftari lako la matibabu: ugumu ulikuwa nini, kifaa gani kilishindwa, kipi kilifaa na kwa saizi gani, tarehe, na hospitali. Ukurasa huo upige picha kwa simu, na nakala moja mwachie mtu unayeishi naye.